Kipimo Kimoja, Mikono Mingi

Leo nataka tuzungumzie mashine ndogo za mezani: kreni inayonyanyua mzigo, lori lenye giaboksi inayobadilisha gia kwelikweli, gari lenye springi na usukani unaopinda magurudumu, mtambo unaopandisha vimpira juu na kuvimwaga upande wa pili. Mashine hizi zimeundwa kwa vipande vya plastiki vya LEGO, vilevile ambavyo watoto huchezea, ila hazikutoka kwenye boksi la dukani. Mtu mmoja, kwa mapenzi yake, amekaa akabuni, akachora, akaandika orodha ya vipande. Mwingine aliye nchi ya mbali, ambaye hawajaonana hata siku moja, amevitafuta vipande hivyo kimoja baada ya kingine, akaviunganisha, na mashine ikazunguka.

Wengi wakiiona kazi hii husifu subira, au husifu kipaji. Vyote vipo, sikatai. Lakini mimi nasema cha kusifiwa kwanza ni kipimo. Pale kipimo kilipowekwa na kikaheshimiwa, watu wasiojuana wanaweza kujenga kitu kimoja bila kuulizana. Na mwenye kuheshimu kipimo hapotezi uhuru wake wa kubuni. Hapo ndipo anaupata. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa muda tulio nao.

Tuanzie Billund, mji mdogo wa Denmark. Huko mwaka 1932 seremala Ole Kirk Kristiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao katika karakana yake, iliyokuja kuwa kampuni ya LEGO. Plastiki ilikuja baadaye. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliomba hataza ya tofali la plastiki lenye vinundu juu na mirija ndani. Siri ilikuwa kwenye ile mirija. Vinundu vya tofali la chini vinaingia kati ya mirija na kuta za tofali la juu, vinabanwa, lakini having'ang'anii kiasi cha kumshinda mtoto kuvichomoa. Ili hilo litokee kila mara, kalibu za kiwandani zinapaswa kuwa sahihi kwa sehemu za elfu za milimita. Na kipimo cha mwaka ule hakijaguswa: tofali la 1958 linashikana na tofali lililotoka kiwandani juzi.

Mwaka 1977 ikaja hatua inayotuhusu leo. Kampuni ilitoa modeli zenye gia, shafti na matofali yaliyotobolewa ubavuni. Mojawapo ilikuwa chasi ya gari: ukizungusha usukani magurudumu yanapinda, ukiisukuma chasi pistoni za injini zinapanda na kushuka. Baadaye familia hiyo ya modeli ikapewa jina la Technic. Mwaka 1994 likatoka gari lenye namba 8880, lililopeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne, likapinda kwa magurudumu yote manne, na giaboksi yake ilikuwa na gia nne. Vijana wa wakati ule walioliunda walijifunza kwa vidole vyao mambo ambayo wengine huyasikia darasani tu. Baadhi yao wakaacha kusubiri kampuni iwaletee modeli mpya. Wakaanza kubuni za kwao.

Sasa twende karibu zaidi, tuone kipimo kinavyofanya kazi.

Chukua tofali la kawaida. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu cha jirani ni milimita 8. Kimo cha tofali, ukiacha kinundu, ni milimita 9.6. Kuna kipande chembamba, tukiite bamba, ambacho kimo chake ni milimita 3.2, mabamba matatu yakipangwa yanalingana na tofali moja. Hizo ndizo namba za msingi.

Tazama na gia. Zile za msingi zina meno 8, 16, 24 na 40. Zimekatwa kwa utaratibu kwamba kila jino linaongeza nusu milimita kwenye umbali wa kutoka katikati ya gia hadi mahali meno yanapokutana. Kwa hiyo gia ya meno 8 ina milimita 4, na gia ya meno 24 ina milimita 12. Zikutanishe: 4 na 12 ni 16, yaani nafasi mbili kamili za matundu, kwa kuwa nayo yanaachana kwa milimita 8 zilezile. Gia mbili za meno 16 kila moja: 8 na 8, tena 16. Gia ya meno 8 na ya meno 40: 4 na 20 ni 24, nafasi tatu kamili. Mbunifu akichomeka shafti kwenye matundu ya tofali moja lililolala, meno yanaumana yenyewe. Hakuna kukisia.

Mtihani unakuja anapotaka gia moja ikae juu ya nyingine. Akiweka tofali juu ya tofali, matundu yanaachana kwa milimita 9.6, na hakuna jozi ya gia za msingi inayokubali umbali huo. Afanyeje? Anaweka mabamba mawili katikati. Kimo cha tofali, 9.6, ukijumlisha mabamba mawili, 6.4, unapata 16 kamili, na gia zinaumana. Ndiyo maana ukitazama ukuta wa modeli za zamani utaona tofali, mabamba mawili, tofali, mabamba mawili, hadi juu. Ni hesabu imesimama wima. Siku hizi wabunifu wengi hutumia fito laini zisizo na vinundu, ambazo matundu yake yanafuata milimita 8 kila upande, kwa hiyo hesabu ya mabamba si lazima tena. Hata hivyo anayeijua anaweza kuchanganya mitindo yote miwili katika mashine moja, na hapo ndipo utaona ufundi.

Gia zenyewe nazo zina lugha yao. Ya meno 8 ikiizungusha ya meno 24, mwendo unapungua mara tatu na nguvu ya kuzungusha inaongezeka. Ya meno 8 kwa ya meno 40, mara tano. Ukitaka kreni inyanyue mzigo na mzigo usishuke mota inapozimwa, unatumia gia ya parafujo. Hiyo huisogeza gia ya meno 24 jino moja kwa kila mzunguko wake, na mzigo ukivuta kwa nyuma, parafujo haizunguki. Kanuni hiyohiyo inatumika kwenye mitambo mikubwa. Anayeunda kreni ya plastiki yenye kimo cha mkono hachezi uhandisi wa uongo. Msuguano ni wa kweli, na shafti ya plastiki ikizidiwa inajipinda mbele ya macho yake.

Baada ya kubuni inakuja kazi ya kukusanya, na wengi wasioijua huidharau. Mbunifu hutoa orodha. Modeli ya wastani inaweza kuwa na vipande mia kadhaa; kubwa zinavuka elfu. Kila kipande kina namba ya aina yake, mara nyingi imechapwa ndani kwa herufi ndogo sana. Tofali la vinundu 8 ni 3001. Gia ya meno 8 ni 3647, ya meno 24 ni 3648, ya meno 40 ni 3649. Wakusanyaji huzijua namba hizi kama fundi wa magari anavyosema "nipe kumi" akaletewa spana inayokaa kwenye nati bila mjadala. Muuzaji na mnunuzi wanaweza wasijue lugha moja, lakini wakitaja 3648 wamemaliza.

Mwaka 2000 Dan Jezek alianzisha soko la mtandaoni liitwalo BrickLink, ambapo watu wa nchi nyingi huuziana vipande kwa namba, kwa rangi na kwa hali yake, kipya au kilichotumika. Soko hilo lilikua hadi mwaka 2019 kampuni ya LEGO yenyewe ikalinunua. Hapo mkusanyaji anajifunza uchumi. Kipande kimoja kinaweza kuwa cha bei ndogo sana, lakini ukivinunua vyote kwa wauzaji kumi, gharama ya posta inakula mfuko kuliko plastiki. Mjuzi huigawa orodha kwa akili: wauzaji wachache wenye vipande vingi, hata kama kila kipande kimezidi bei kidogo. Halafu huangalia alichonacho nyumbani. Kipande kitakachofichwa ndani ya chasi kinaweza kuwa cha rangi yoyote, hakuna atakayekiona. Kile cha nje ndicho cha kutafutiwa rangi yake.

Kuna na kazi ya kuchambua. Pini mbili zinaweza kufanana mbele ya mgeni. Nyeusi ina mbavu ndogo mwilini, ikiingia kwenye tundu inang'ang'ania. Hiyo ni ya kufunga fito zisisogee. Ya kijivu ni laini, inazunguka; hiyo ni ya kiungo kinachotakiwa kukunjuka. Zibadilishe, na mkono wa kreni utakuwa mzito kupanda, au ukuta wa chasi utalegea. Shafti nazo hupimwa kwa nafasi za vinundu, na katika modeli za karne hii, kwa kawaida, zenye urefu wa namba shufwa ni nyeusi na zenye witiri ni za kijivu, ili jicho lichague kabla ya mkono. Mwenye droo zilizopangwa vizuri hutumia jioni yake kuunda. Asiyepanga huitumia kutafuta pini moja.

Nisisahau kumtaja mtu mmoja ambaye vijana wengi wanatumia matunda yake bila kulijua jina lake. James Jessiman, kijana wa Australia, mwaka 1995 alitengeneza programu ya kompyuta iitwayo LDraw, ya kuchorea modeli za matofali haya kipande kwa kipande. Kipimo chake kilitokana na tofali lenyewe: umbali wa kutoka kinundu hadi kinundu ni vizio 20, kimo cha tofali vizio 24, kimo cha bamba vizio 8. Hakuna desimali hata moja. Jessiman alifariki mwaka 1997 angali kijana. Watu wa kujitolea waliichukua kazi yake, wakaendelea kuchora vipande vipya na kuviingiza kwenye maktaba moja iliyo wazi kwa kila mtu, na kazi hiyo inaendelea mpaka leo. Mbunifu anayetoa kitabu cha maelekezo chenye picha safi za kila hatua anasimama juu ya msingi huo. Mimi naona huo ni wakfu wa kweli: mtu ameondoka, kipimo chake kinaendelea kutumikia watu.

Msikilizaji, sasa nikupe mfano ambapo wapenzi wenyewe walitunga kipimo chao. Takriban miaka ya 2004 na 2005, Mmarekani Steve Hassenplug na wenzake walianzisha mtambo wa kupitisha vimpira. Kila mtu analeta sehemu yake, mashine moja inayopokea vimpira upande mmoja na kuvitoa upande wa pili. Ikiunganishwa na ya jirani, na ya jirani wa jirani, inakuwa mnyororo mrefu unaozunguka ukumbi mzima. Ili wasigombane, waliweka masharti machache. Kapu la kupokelea lina upana wa vinundu 10 kwa 10 na kimo cha matofali 10. Kila mashine ipitishe, kwa wastani, kimpira kimoja kwa sekunde. Ikiamua kuvikusanya na kuvitoa kwa mkupuo, visizidi 30. Masharti yenyewe hayajazi hata ukurasa.

Na kati ya kapu na kapu, je? Fanya utakavyo. Mmoja anapandisha vimpira kwa ngazi zinazosukumana. Mwingine anavibeba kwa ndoo, mwingine kwa parafujo kubwa, mwingine kwa mkono wa roboti unaookota kimoja na kukiweka mahali pake. Mjapani anayejulikana kwa jina la Akiyuki aliifikisha sanaa hii mahali ambapo watu hutazama video zake kimya: vimpira vinarushwa, vinadakwa, vinageuzwa, na hakuna kinachopotea. Wapenzi wengine walizikalia video hizo, wakahesabu meno ya gia kwenye picha, wakakisia urefu wa shafti, wakaunda, wakakosea, wakarekebisha, mpaka wakatoa maelekezo ambayo mtu wa bara lingine anaweza kuyafuata. Kazi ya namna hiyo inawezekana kwa sababu moja. Alichotumia Akiyuki kule Japani ndicho kilichomo kwenye droo zao, kwa kipimo kilekile hadi jino la mwisho.

Inawezekana unajiuliza: kipimo kikiwa kimefungwa hivyo, akili haifiki ukutani? Inafika. Nami nakwambia hapo ndipo kazi nzuri kuliko zote huzaliwa. Nitaje moja.

Mwaka 1901 wazamiaji wa sifongo walitoa kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, vipande vya chombo cha shaba kilicholiwa na chumvi. Leo vimehifadhiwa Athens. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni mashine ya gia yenye umri wa miaka elfu mbili na zaidi, iliyokokotoa mienendo ya jua na mwezi na kutabiri kupatwa kwavyo. Mhandisi wa programu Mmarekani, Andrew Carol, alitaka kuunda mashine ya kufanya hesabu hiyo kwa vipande vya LEGO, na mwaka 2010 dunia ikaiona ikifanya kazi.

Ugumu ulikuwa huu. Katika miaka 19 mwezi unaandama mara 235, na ukihesabu kwa nyota, unaizunguka dunia mara 254. Namba 254 ni 127 mara mbili, na 127 haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Wagiriki walikata gia ya meno 127, kwa sababu shaba ilikuwa mikononi mwao. Mwenye gia za meno 8, 16, 24 na 40 hawezi. Namba hizo zote zimetokana na 2, 3 na 5. Zizidishe na kuzigawanya usiku kucha, 127 haitokei, wala 19.

Njia ni difu, ileile iliyo chini ya gari, inayoruhusu magurudumu mawili ya nyuma kwenda mwendo tofauti kwenye kona. Difu ina sifa ya ajabu: nyumba yake huzunguka kwa nusu ya jumla ya miendo ya shafti zake mbili. Kwa maneno mengine, difu inajumlisha. Basi 127 isiyopatikana kwa kuzidisha, ipate kwa kujumlisha. Kwa mfano, 125 na 2 ni 127. Na 125 ni 5 mara 5 mara 5: gia ya meno 40 ikiizungusha ya meno 8, mara tatu mfululizo. Hiyo 2 ni gia ya meno 16 ikiizungusha ya meno 8. Peleka miendo miwili hiyo kwenye difu, halafu rudisha ile nusu kwa kuzidisha mara mbili, na umepata namba ambayo vipande vyenyewe havikuwa nayo. Carol alizitumia difu kwa kazi hiyo ya kujumlisha. Hakukata jino la plastiki hata moja. Aliifanya hesabu ikubali kipimo, badala ya kukivunja kipimo ili kimkubali yeye.

Jambo hili la kipimo lina upande wa sheria pia. Hataza huisha. Zile za tofali zilipokwisha, viwanda vingine vilianza kutoa matofali yanayoingiliana nalo, na mahakama zikaulizwa kama umbo la tofali linaweza kuwa mali ya kampuni moja milele. Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2010, zilikataa: umbo linalofanya kazi ya kiufundi halifungwi kwa alama ya biashara. Naiona hukumu hiyo ni ya haki, kwa sababu kipimo kikishakuwa cha watu wote ndipo kinapozaa. Kwa msikilizaji wetu wa Afrika Mashariki, ambako vipande hivi huja kwa meli na kodi juu yake, ina maana kwamba mlango wa kuingilia si mmoja tu.

Lakini kuna mali moja isiyokuwa ya wote, nayo ni kazi ya mbunifu. Tofali ni la kila mtu. Giaboksi aliyoihangaikia mtu miezi kadhaa ni jasho lake. Wapo wauzaji wanaochukua kitabu cha maelekezo cha mbunifu, wakafungasha vipande, wakauza bila kumtaja wala kumlipa. Huo ni wizi, hata kama bei ni nzuri. Ukiunda modeli ya mtu, mtaje. Kama anauza maelekezo yake, yanunue. Ukiona kosa hatua ya arobaini, mwandikie, maana anayepokea marekebisho kwa moyo mweupe ndiye anayeiboresha kazi kwa wote watakaokuja.

Na wewe uliye na kijana nyumbani, au uliye na hamu hiyo mwenyewe, usisubiri modeli ya vipande elfu mbili. Tafuta fito mbili, shafti tatu, gia moja ya meno 8 na moja ya meno 24. Mpe, umwache agundue mwenyewe kwa nini zinaumana kwenye tundu la pili na zinakataa kwenye la tatu. Akishalielewa hilo, mwambie ajenge kitu ambacho mwingine anaweza kukijenga tena, aandike orodha, achore hatua, na ampe rafiki yake ajaribu bila yeye kusimama pembeni. Rafiki akifanikiwa, mtoto huyo tayari ni mbunifu. Akishindwa, amejua mahali ambapo maelezo yake yana pengo, na hilo ni somo la uhandisi ambalo wengi hulipata wakiwa kazini, kwa gharama kubwa.